Mshenga Aitwaye Daktari Merrick

Black Rock, Buffalo
8 Februari 2015

Dada Leya,

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba uende mahali ambapo hakuna mtu. Usisome barua hii mbele ya shemeji, wala usiiache juu ya friji pale mnapoweka bili. Ukimaliza, ichane. Sikukupigia kwa sababu unajua simu za kwetu: mtu akipokea tu anaweka spika, na nyumba nzima inanisalimia, pamoja na mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Neno moja la barua hii likitoka nje nitafukuzwa kazi, na huko kufukuzwa ndiko kutakuwa hasara ndogo.

Habari ya Umwali, binti wa Mzee Ruberwa wa Louisville, unaijua. Usichojua ni jinsi nilivyokubaliwa.

Mwezi uliopita Mzee alituma neno kwamba hana ubaya nami, ila kijana asiye na baba hawezi kuja kuposa kama mtu aliyeokotwa njiani. Alitaka mtu mzima mmoja, anayeniona kila siku, asimame aseme mimi ni mtu wa namna gani. Ndivyo ilivyokuwa kwetu milimani, na ni haki yake. Baba angekuwa hai angesimama yeye. Baba mdogo bado yuko kule kambi ya wakimbizi. Meneja wangu hapa hajajifunza hata kutamka jina langu.

Halafu kulikuwa na jambo la pili. Shangazi yake Umwali, Kostansia, alikuwa amekwisha kueneza kwamba nasomea udaktari. Mimi sikusema hivyo. Nilisema mimi ni karani katika nyumba ya kutunzia wazee: napanga mafaili, najibu simu, naandika nani haruhusiwi sukari. Yeye akaongeza koti jeupe. Habari iliponifikia, nilinyamaza. Niliona inapendeza.

Sasa nikueleze juu ya Bwana Lyle Hannaford. Ni mzee wa Kiaustralia, mwembamba kama fimbo ya mwavuli, anakaa chumba cha mwisho karibu na mlango wa dharura. Ukimwona hutamgeukia. Lakini akisema "habari za asubuhi," manesi wanasimama. Sauti yake ni kubwa, ya taratibu, kama mtu mnene sana aliyeketi ndani yake. Alizaliwa katika mji wa machimbo huko katikati ya nchi yao kavu, baba yake mkata manyoya ya kondoo. Akiwa kijana alikwenda kusoma matangazo redioni, na baadaye akahamia Sydney kuigiza michezo ya redio. Anasema siku hizo waigizaji walikuwa wakikimbia barabarani kutoka studio moja hadi nyingine, mtu anakufa kwa homa hapa kabla ya chakula cha mchana, na baada ya chakula anafunga ndoa kule. Kwa miaka kumi na moja alikuwa Daktari Merrick, daktari wa mashambani katika mchezo uliosikika kila jioni, na akina mama walikuwa wakimtumia soksi walizofuma wenyewe.

Baadaye ikaja televisheni. "Watu wakaniona," anasema, na hapo huwa anacheka. Hawakukubali kwamba sauti ile ilitoka katika mwili ule. Akapewa nafasi za mwizi, mlevi wa baa, shahidi anayepigwa risasi kabla hajafika mahakamani. Mwisho akamfuata mke wake Mmarekani hapa Buffalo, akawa anasoma redioni matangazo ya makochi na matairi ya theluji. Mke alifariki. Binti yake yuko Perth, anatuma kadi za Krismasi.

Mimi ndiye ninayemsikiliza, muda wangu wa chakula. Siku moja nilimweleza shida yangu, naapa kwa nia ya kuongea tu. Akaweka kijiko chini. Akasema, "Mwanangu, unahitaji daktari. Mimi nimekuwa daktari miaka kumi na moja."

Jumamosi iliyopita tulipiga kutoka chumbani kwake. Louisville waliweka spika, sebule imejaa, wazee wa kanisa wapo, Kostansia anatafsiri. Akajiita Daktari Merrick. Akasema mimi ni msaidizi wake, ni mwangalifu, sisemi uongo, na anatazamia kuniona nikivaa koti lile siku moja. Dada, nilisikia watu wakipiga makofi. Nilimsikia Mzee akilia kidogo. Akasema, "Daktari, tangu leo wewe ndiye mshenga wetu." Na Bwana Hannaford akajibu kwa sauti ile, "Ni heshima kwangu."

Simu ilipokatwa alikuwa anang'aa kama kijana. Mimi nilikwenda chooni kunawa uso.

Niambie nifanyeje. Mimi ndimi mdogo wako,
Ntwari


Columbus, Ohio
17 Februari 2015

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea chooni kazini, maana humo tu ndimo supavaiza hafiki, na bado aligonga mlango akiuliza kama nimehamia. Bon, nimeichana. Vipande nimevitupa katika mapipa mawili, uridhike.

Kwanza nilicheka. Nisamehe. Nilikuona wewe, mtoto aliyekuwa akimwomba mwalimu ruhusa ya kukohoa, umekaa kitandani kwa mzungu umeshika simu kama mtu anayeiba benki. Halafu sikucheka tena, kwa sababu Jumapili mchungaji wetu hapa alitangaza. Ndiyo, hapa Columbus. Alisema, "Tumshukuru Mungu, kijana wetu Ntwari wa Buffalo ameposewa na daktari mkubwa." Mama Nyarugabo akanigeukia, "Leya, ulituficha. Kumbe mdogo wako ni dokta." Nikasema, "Bado anasoma, mama." Unaona? Nami nimeingia.

Umesahau mshenga ni nani kwetu, au kambi ilikufundisha vibaya? Hao wazungu wanaandika barua ya kumsifia mtu, kazi ikipatikana wanasahauliana. Kwetu aliyekusimamia ameingia katika nyumba ile. Mkigombana na Umwali ataitwa yeye. Mtoto akizaliwa ataambiwa yeye. Mzee Ruberwa akiwa na shida atampelekea kama ndugu. Donc, basi, usidhani ile simu imekatwa. Ndiyo kwanza imepigwa.

Ushauri wangu: kaa kimya mpaka harusi. Ukishaoa, Daktari wako arudi kwao Australia. Watu hurudi kwao. Nitasaidia kumsindikiza kwa maneno.

Na kula. Umekonda hata kwenye mwandiko.

Dada yako,
Leya


Louisville, Kentucky
2 Machi 2015

Kwa Mheshimiwa Daktari Merrick, Buffalo

Daktari na ndugu yangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Naweka barua hii ndani ya bahasha ya kijana wetu, lakini nimeifunga, na juu nimeandika asiifungue. Nakuomba umtafute mkalimani asiye wa kwetu, akusomee, na akishakusomea umrudishie Mungu maneno haya.

Bon, Daktari, mimi ni mwanaume wa miaka sitini na minne. Nilichunga ng'ombe, nikakimbia vita, nikalea watoto wanane, na hapa Louisville nasukuma makasha katika ghala bila kulalamika. Lakini tangu kabla ya Krismasi, nikienda haja ndogo natoa damu. Mwanzo ilikuwa kidogo. Sasa mama watoto ameanza kuuliza kwa nini nafua nguo zangu mwenyewe.

Utaniambia nenda hospitali. Nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti, mlango ukafunguka, akaingia mkalimani, na mkalimani ni Ngarambe. Ngarambe ni mtu mwema. Ndiye anayeongoza kwaya yetu. Mke wake ni rafiki wa mke wangu, na mama yake alimzalisha mke wangu. Nilimtazama, nikamwambia daktari kwamba goti linaniuma. Wakanipa dawa ya goti.

Wewe ni mshenga wetu. Kwetu mshenga haonewi haya, kwa sababu tumekwisha kumpa binti. Ndiyo sababu nakuambia wewe nisiyomwambia mke wangu. Niambie ni dawa gani, nitainunua.

Kijana asijue. Mkwe hapaswi kujua mwili wa baba mkwe wake. Akijua, sitaweza tena kukaa naye sebule moja.

Ni mimi,
Ruberwa, baba yake Umwali


Black Rock, Buffalo
9 Machi 2015

Dada Leya,

Hii usiichane tu. Ichome.

Mzee alimwandikia Daktari barua. Aliifunga na kuandika juu yake kwamba nisiifungue. Niliiweka kwenye droo ofisini, nikaitoa, nikairudisha. Bwana Hannaford hajui Kiswahili, na mkalimani pekee ninayemfahamu mjini hapa anasali nasi kanisani kule mtaa wa Bailey. Nikaifungua mimi. Sitakuandikia yaliyomo. Ni ugonjwa, ni wa mwanaume, na amejificha nao tangu kabla ya Krismasi. Mimi ambaye sijathubutu kutafuna chakula mbele yake, nilisoma jambo ambalo hata mke wake halijui.

Nilimsomea Bwana Hannaford kwa Kiingereza, nikitazama ukutani. Aliniomba nizime televisheni.

"Walikuwa wakiniandikia hivi," akasema. "Wakati ule. Mtoto ana upele, mume anakohoa. Gunia zima kila wiki. Kituo kilimwajiri msichana wa kuwajibu kwa kadi: Daktari Merrick anakushukuru, tafadhali mwone daktari wa mtaa wako. Mimi sikusoma hata moja. Nilivaa zile soksi tu."

"Basi tumwandikie hivyo hivyo," nikasema.

"Huyu hajamwandikia redio, mwanangu. Ameniandikia mimi. Anafikiri nipo."

Nikamwomba ampigie, kama Daktari, amwamuru aende hospitali kesho yake. Niliona ni uongo mmoja wa mwisho, tena wa kumponya mtu. Alikataa. Nikambembeleza. Nilimwambia Mzee atamtii Daktari na hatamtii mtu mwingine. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomshinda.

Lakini nani atafsiri? Hapo ndipo ninapoona aibu hata ya kushika kalamu. Bwana Hannaford alinifundisha. Aliniambia nishushe kidevu, niongee kutoka tumboni, nivute pumzi kabla ya kila jibu kama mtu aliyechoka na kazi. Tulifanya mazoezi mchana wote. Nilijifanya mkalimani wa Kigoma, nikaongea Kiswahili cha watangazaji. Alinisifu. Alisema nina sikio zuri, na kwamba angenipata zamani ningefanya kazi Sydney. Na mimi, Dada, kwa dakika ile nilifurahi kusifiwa.

Mzee alipokea akiwa peke yake ndani ya gari. Hakuweka spika. Akaniita "ndugu mkalimani." Akanishukuru kwa kuwa si mtu wa kwetu. Kisha akaeleza yote, hata yale ambayo hakuyaandika, nami nikayatafsiri kwa sauti ya mtu asiyekuwapo.

Daktari akasema, "Nenda hospitali kesho, bila kuchelewa." Mzee akajibu, "Hapana, Daktari. Huku Ngarambe yuko. Nitakuja kwako Buffalo kwa basi, tarehe ishirini na nane, nikipata ruhusa kazini. Unitibu wewe kwa mkono wako."

Bwana Hannaford alinitazama. Na akasema, "Njoo, rafiki yangu. Nakungoja."

Nilipomuuliza kwa nini, alivuta blanketi hadi kifuani. Akasema redioni dhambi kubwa kuliko zote ni ukimya. Mtu akisahau maneno, anasema lolote lililo karibu ili hewa isikae tupu. Amefanya hivyo tangu ujana wake. "Sikufikiri," akasema. "Nilijaza hewa tu."

Tangu siku ile hali chakula vizuri. Hawasalimii hata manesi kwa ile sauti. Anaongea kwa sauti nyingine, nyembamba, ambayo nadhani ndiyo yake.

Mzee anangoja wiki tatu, na ugonjwa haungoji. Nikisema kweli nimempoteza Umwali, na Mzee atajua kwamba mimi ndimi niliyesikia. Nikinyamaza, atashuka kwenye basi akimtafuta mtu asiyepo. Niambie wewe.

Ntwari


Columbus, Ohio
13 Machi 2015

Ntwari,

Nilikuambia ukae kimya mpaka harusi. Nimeyafuta maneno hayo, na wewe uyafute.

Sijui ni ugonjwa gani na usiniambie. Lakini baba alikuwa na jambo lake kule kambini ambalo hakumwambia mtu. Tulijua siku ya kumwosha. Wewe ulikuwa mdogo, wakakutoa nje ya hema. Mimi nilibaki. Muuguzi alisema baba angekuja mapema angepona. Aliyekuwa akitafsiri kwenye zahanati ya kambi alikuwa shemeji yake baba.

Andika leo. Usimpigie; atajibu kwa hasira mbele ya watu, na hasira ya mbele ya watu hairudi nyuma. Barua ataisoma ndani ya gari. Usijitetee. Usimtaje Kostansia wala koti lake. Kuhusu Umwali, usiombe kitu.

Akikubali kusafiri, basi linapita hapa. Nitapanda naye.

Leya


Black Rock, Buffalo
16 Machi 2015

Baba,

Nakuomba usome barua hii peke yako.

Hakuna Daktari Merrick. Jina hilo ni la mtu wa mchezo wa redio uliokwisha zamani sana huko Australia. Aliyesema nawe ni Bwana Lyle Hannaford, mwigizaji, mzee anayetunzwa hapa ninapofanya kazi. Mimi si msaidizi wa daktari na sisomi udaktari. Ni karani. Nilisikia mkiniita nisivyo, nikaacha iwe hivyo. Bwana Hannaford alinisaidia kwa kunihurumia. Aliyemwomba ni mimi.

Linalofuata ni zito zaidi, na sijui namna ya kuliandika kwa adabu. Bahasha uliyoifunga niliifungua. Mkalimani wa Kigoma uliyemshukuru alikuwa mimi. Nimeyasikia yote. Najua ulisema hutaweza kukaa nami sebule moja, na sitakuja kukaa. Sitalitamka jambo lile kwa Umwali, wala kwa dada yangu, wala kwa mtu yeyote hadi nife. Umwali hakujua lolote la haya. Nimemwandikia leo kwamba aliyeposwa kwa uongo hajaposwa, na kwamba yuko huru.

Bwana Hannaford ameniomba niongeze maneno yake, nami nayatafsiri kama alivyoyasema: "Mzee Ruberwa, nilikuwa mwigizaji wa redio, na baadaye wa televisheni, si mkubwa. Nimeigiza madaktari, mapadri na majambazi, na hakuna aliyewahi kudhurika, kwa sababu watu walizima redio wakaenda kulala. Wewe hukuwa na cha kuzima. Nilisema kijana huyu ni mwangalifu, na hilo ni kweli, naliona kila siku. Mengine yote nilitunga. Uliniita ndugu na sikuwa nimestahili. Nenda kwa daktari wa kweli." Ameweka saini hapo chini kwa mkono wake, kwa jina lake. Ilimchukua muda.

Sasa, Baba, hata ukiwa na hasira, naomba usome mistari hii ya kikarani, kwa sababu ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Usingoje tarehe ishirini na nane. Hospitali yoyote hapo Louisville, ukifika dirishani, una haki ya kumkataa mkalimani unayemfahamu. Huhitaji kutoa sababu. Omba mkalimani wa simu. Atakuwa mtu wa jimbo jingine, haambiwi jina lako, wala hakuoni. Nimekuandikia ombi hilo kwa Kiingereza kwenye karatasi ndogo iliyo ndani ya bahasha. Huna haja ya kusema neno, wape tu. Ukiulizwa unaumwa nini, usiseme goti.

Ukiona vigumu kabisa kwenda huko, njoo huku hata kesho. Nimeulizia kliniki hapa Buffalo, yenye madaktari wa kweli, na watakupokea bila kungoja. Panda basi la asubuhi la kwenda Columbus. Dada yangu Leya atakuwa mlangoni pa stesheni. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, na ataandamana nawe. Hajui unaumwa nini, wala hatauliza.

Buffalo nitasimama upande wa nje, kwenye baridi, karibu na nguzo ya taa, nimevaa koti la kijani. Usipotaka kunisalimia, pita. Mpe Leya mkoba wako, naye atanipa mimi niubebe, nami nitatembea nyuma yenu hadi mlango wa kliniki na kubaki hapo nje.

Ukitaka kunijibu, usipige ile namba yangu ya zamani, maana inalia nyumbani kwa watu na yeyote huipokea. Andika kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha: ni nyumba ya nyuma, ngazi za mbao, ghorofa ya juu. Au piga namba iliyo chini yake. Ni simu niliyoinunua jana, hakuna anayeijua ila wewe. Ikilia sitaweka spika, na nitajibu kwa sauti yangu.

Ntwari